Utaongeza nini kama hauyue uko na ngapi?

Juu ya meza ninayoandikia kuna pistoni moja ya Toyota Altezza, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Upana wake ni milimita 86, na usoni ina makovu mawili yaliyopinda kama kucha, pale supapi, vile vilango vya hewa na moshi, zilipoigonga. Ilitoka kwenye moteri, yaani injini, ya gari la mdogo wangu. Siku ilipovunjika, mwaka 2021, alikuwa barabara ya Likasi akitoka gia ya tatu kwenda ya nne, moteri ikiwa juu kabisa, na mkono ukateleza ukaingia ya pili. Gia ya pili inaizungusha moteri karibu mara moja na nusu ya gia ya tatu. Ukiwa kwenye mizunguko 7000 kwa dakika, ukiachia klachi tu, hesabu inakupeleka zaidi ya 10000. Kompyuta ya gari hukata esansi, yaani petroli, moteri ikipita kiwango, lakini haina uwezo wa kuzuia magurudumu yasiizungushe moteri. Mdogo wangu alisikia mlio mmoja mkavu, kisha gari likawa linateleza kimya kimya hadi pembeni ya barabara.

Vijana wakiiona Altezza yangu imesimama Kamalondo, hapa Lubumbashi, swali lao ni lile lile: yaya, tuweke nini ipate farasi zaidi? Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na farasi ni kipimo cha nguvu ya moteri. Miaka michache iliyopita ningewatajia piesi, yaani vipuri, na bei zake. Siku hizi nawaonyesha pistoni hii kwanza.

Tuanze na moteri yenyewe. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998 na ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka kule kwao. Nchi nyingine ziliuziwa gari hilo kwa jina la Lexus IS, lakini moteri ninayoizungumzia, 3S-GE ya silinda nne, ilibaki kwa Wajapani. Ndiyo maana zilizofika huku zote zina usukani wa kulia. Yangu ilishuka Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, nasi huku Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukitaka kulipita lori la shaba inabidi abiria akuchungulilie. Kuna Altezza mbili zenye lita mbili. Moja ina silinda sita na farasi 160. Nyingine, RS200, ina silinda nne na farasi 210. Wanunuzi wengi huhesabu silinda, wakaondoka na ile dhaifu.

Farasi 210 kutoka lita mbili bila turbo, ile pampu ya kusukumia hewa, ni kazi kubwa. Kulasi, kile kichwa cha moteri kinachobeba supapi, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita silinda hedi, ilibuniwa kwa kushirikiana na Yamaha. Mgandamizo ni 11.5 kwa 1, yaani pistoni inabana ujazo wa 11.5 mpaka ubaki 1. Na zile za gia za mkono zilipewa supapi za titani, metali nyepesi, za kuingiza hewa na za kutoa moshi pia, jambo ambalo hata leo ni adimu kwenye gari la mtu wa kawaida. Nitarudi kwenye supapi hizo, maana ndizo zilizonifundisha.

Farasi zinatokana na vitu viwili vinavyozidishwa: moteri inasokota kwa nguvu kiasi gani, na inasokota mara ngapi kwa dakika. Hizo mara kwa dakika sisi tunaziita turu, neno tulilopewa na Kifaransa. Chukua Land Cruiser ya migodini, ile ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2. Inasokota kwa Nm 285 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kusokota), na ndiyo sababu inatoka na mzigo kwenye tope la Februari. Lakini kwenye turu 3800 hivi imemaliza, na farasi zake ni kama 130. Altezza inasokota kwa Nm 216 tu, ila haichoki mapema. Inaendelea kusokota mpaka 7600, na hapo ndipo 210 zinapatikana. Nguvu yake yote iko juu. Chini ya 4000 ni gari la kumpeleka mama sokoni.

Kwa hiyo mtu anafikiri haraka: kama nguvu iko juu, nipandishe turu zaidi. Ngoja tuihesabu pistoni iliyo mezani. Kwenye turu 7600 inapanda na kushuka mara 126 kila sekunde. Kila ikifika juu inasimama kabisa, ikifika chini inasimama tena, yaani vituo zaidi ya 250 ndani ya sekunde moja. Mwendo wake wa wastani ni karibu mita 22 kwa sekunde. Pale juu inapogeuka, inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 3000. Tuseme pistoni na pini yake vina gramu 400: bieli, kile kikono cha chuma kinachoishika, inabeba zaidi ya tani moja, inaachia, inabeba tena. Na mzigo huo hauongezeki sawasawa na turu. Ukitoka 7600 kwenda 8500 umeongeza turu kwa asilimia 12, lakini mzigo juu ya bieli umepanda kwa asilimia 25.

Supapi nazo kila moja inafunguka mara 63 kwa sekunde. Kamshafti, mhimili wenye vinundu, inaisukuma kufungua, ila haiirudishi. Inayorudisha ni springi. Moteri ikizunguka haraka kuliko springi inavyoweza kurudisha, supapi inabaki imeelea wazi, na pistoni inakuja kutoka chini. Makovu mawili niliyoyataja ndiyo yanatoka hapo.

Sasa kuna jambo ambalo video za Wajapani na Wamarekani hazitakuambia, kwa sababu wao hawaishi hapa. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozaliwa hapa hatulisikii hilo, lakini moteri inalisikia. Shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 87 ya lile la Dar es Salaam. Pistoni ikishuka inavuta ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni pungufu. Katika farasi 210 zilizoandikwa kwenye karatasi, ishirini na kitu zilibaki njiani gari likipanda kutoka pwani, na hakuna fundi aliyeziiba.

Majira nayo yana sehemu yake. Juni alfajiri hapa inashuka hadi nyuzi 8, na Oktoba mchana inapita 30. Hewa ya baridi ni nzito, na kati ya alfajiri ile na mchana ule kuna tofauti ya karibu asilimia 8. Mtu akilijaribu gari Oktoba, akabadilisha piesi, akalijaribu tena Juni na kuliona limechangamka, alichokipima ni majira.

Mimi nilianza pale wengi wanapoanzia. Mwaka 2020 nilinunua filitri ya hewa ya wazi, ile yenye umbo la koni, kwa dola 60, nikaondoa boksi la plastiki la kiwandani pamoja na mpira wake unaokwenda kuvuta hewa mbele. Sauti ilibadilika. Ukikanyaga, moteri ilinguruma kwa namna ya kukusimamisha nywele, nami nikaamini kwamba kinachonguruma hivyo lazima kina nguvu zaidi. Niliendesha hivyo mwaka mzima na zaidi.

Siku moja niliunganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na simu yangu, nikiwa kwenye foleni katikati ya mji, nikaangalia joto la hewa inayoingia. Nje ilikuwa nyuzi 28. Ndani ya koo la moteri ilikuwa 58. Filitri ile ya wazi ilikuwa imekaa juu ya moteri ikinywa joto la moteri yenyewe. Tofauti ya nyuzi 30 ni kama asilimia 9 ya hewa. Kwa dola 60 nilikuwa nimeupandisha mji wetu juu ya mlima mwingine. Nikafungua bomba la hewa, nikapitisha kidole ndani, kikatoka chekundu. Vumbi letu la kiangazi, lile linalopaka rangi kuta za nyumba na majani ya miembe, lilikuwa linaingia kwenye silinda. Vumbi hilo kwenye pete za pistoni ni msasa.

Aliyeninyoosha ni mzee mmoja wa Katuba. Watoto wa mtaa wanamwita Papa, nasi tukamwita hivyo. Alikereza vyuma vya migodi zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na nyuma ya nyumba yake ana mashine ya kukereza ya zamani ambayo bado inakata chuma kwa usafi unaoshangaza. Watu wakizungumzia utajiri wa Katanga hutaja shaba na kobalti. Mimi naongeza mikono ya wazee kama huyu. Kuanzia kampuni ya migodi ya Union Minière ya mwaka 1906 mpaka mrithi wake Gécamines na karakana za reli, mji huu umefundisha vizazi vya watu kupima chuma, na mikono hiyo inaondoka mmoja mmoja bila vijana wa kutosha kusimama pembeni yao na kuangalia.

Tulimpelekea kulasi ya mdogo wangu. Papa aliifungua taratibu, akapanga supapi kumi na sita juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Nane zilikuwa zimepinda. Akachukua moja nzima, akaniwekea kwenye kiganja cha kushoto, na kwenye cha kulia akaniwekea supapi ya chuma ya moteri nyingine, umbo karibu sawa. Ya titani nilihisi kama nimepewa ganda tupu. Titani haifiki sehemu sita kwa kumi ya uzito wa chuma, na wepesi huo ndio unaoipa springi nafasi ya kuirudisha kwa wakati.

Halafu akasema neno ambalo kila fundi mwenye Altezza karakanani angepaswa kulisikia. Supapi za kawaida zikivuja, mafundi huzipaka unga wa kusagia na kuzizungusha kwenye viti vyake mpaka zikae. Titani hapana. Uso wake umepewa tabaka gumu, chini yake ni metali laini mno kwa kazi hiyo. Ukiisaga unaondoa ngao, na baada ya muda mfupi inaanza kulika. Kinachorekebishwa ni kiti, supapi inabadilishwa. Nimeshaona kulasi mbili za Altezza hapa mjini zilizosagwa kwa bidii na kwa nia njema, zote zikarudi kuvuja.

Pembeni ya hapo, kitu ambacho kilinigusa: supapi nyingi za moshi duniani ambazo si za titani hupakwa usoni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu uitwao Stellite, kwa sababu kobalti inabaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa moto. Kwa hiyo kipande cha ardhi yetu kiko ndani ya moteri za watu ambao hawajawahi kusikia jina la Lubumbashi.

Alipomaliza na kulasi aliniuliza, "Na yako?" Nikamweleza kwa furaha mpango wangu: kamshafti za kufungua supapi kwa muda mrefu zaidi, springi ngumu, manifoldi mpya ya moshi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda), kompyuta ya kupandisha kiwango cha turu. Jumla dola 1900, nilikuwa nimeshaweka akiba ya karibu nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishapima?"

"Bado, Papa."

"Utaongeza nini kama hauyue uko na ngapi?" Yaani, kama hujui una ngapi.

Kisha akaangalia ile filitri ya koni. "Tosha ile kitu," akasema, yaani iondoe. Niliiondoa wiki ile ile, nikishalipima gari kwanza. Boksi la kiwandani nilikuwa nimelihifadhi, na nawashauri wote wasitupe la kwao. Wahandisi waliolichora walikuwa na maabara. Sisi tuna masikio tu, na masikio yanapenda kelele.

Jumamosi iliyofuata tulipima mgandamizo. Tulitoa bujii zote nne, yaani plagi za cheche, tukafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, mdogo wangu akakanyaga mafuta hadi chini na kuzungusha stata. Silinda ya kwanza ilitoa bar 12.4, ya pili 12.5, ya nne 12.6. Ya tatu ilitoa 9.8. Namba za kitabu ni kubwa kuliko hizo zote, na fundi asiyefikiri angesema moteri nzima imekufa. Lakini kitabu kiliandikwa usawa wa bahari. Geji inapima hewa iliyobanwa, na hewa yetu inaanza ikiwa pungufu, kwa hiyo namba ya kitabu lazima uizidishe kwa 0.87 kabla ya kuogopa. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Ili kujua inapovujia, tulipandisha pistoni ya tatu hadi juu, supapi zote zikiwa zimefungwa, tukaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la bujii. Hapo kazi ni ya sikio. Hewa ikisikika kwenye koo la kuingizia, ni supapi ya hewa. Ikisikika kwenye mfuniko wa oili, ni pete za pistoni, na gharama ni kubwa. Nilizunguka nyuma, nikapiga goti, nikaweka sikio kwenye bomba la moshi. Shiiii, ndogo, ya kuendelea, kama mtu anayenyamazisha mtoto kanisani. Supapi ya moshi.

Papa alikuja na majani ya chuma ya kupimia nafasi, yale membamba yenye namba. Kati ya kamshafti na supapi kunatakiwa kuwe na upenyo mdogo, kwa sababu supapi ya moshi ikipata moto inarefuka. Jani la milimita 0.20 halikuingia. La 0.10 halikuingia. La 0.05 liliingia kwa kulazimishwa. Miaka ya kugonga ilikuwa imeizamisha supapi kwenye kiti chake kidogo kidogo, na kila ilipozama upande mmoja, upande wa pili iliinuka na kumaliza upenyo. Sasa moteri ikipata moto, supapi ile haikuwa inafunga. Na supapi ya moshi isiyokaa kwenye kiti haina pa kutolea joto lake, maana kiti ndicho kinachoipoza. Ningeweka kamshafti mpya na springi ngumu juu ya ugonjwa huo, nikapandisha turu, na mezani hapa zingekuwa pistoni mbili.

Dawa yake ilikuwa kiduara cha chuma kidogo kuliko kifungo cha koti, kinachokaa juu ya supapi kujaza upenyo. Tuliinua kamshafti, tukakitoa kilichokuwepo. Papa ana kopo la maziwa ya unga limejaa viduara vya Toyota mbalimbali alivyookota miaka yote. Akavimwaga juu ya kitambaa na kuanza kuvipima kwa maikromita, kimoja kimoja, akivifuta kwa kidole gumba kabla ya kila kipimo. Nadhani alipima kama thelathini. Sikuona akiharakisha hata kimoja. Alipopata chenye unene aliotaka alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakipima mara ya pili upande wa pili. Tulipofunga, jani la 0.25 liliingia likikwaruza kidogo, kama kisu kinachopita kwenye siagi baridi. Silinda ya tatu ikatoa 12.3. Kiduara hakikunigharimu kitu. Kazi ilikuwa dola 40, na Papa hakutaka zaidi.

Bomba la moshi sitalieleza kwa urefu. Lilikuwa limebonyezwa na matuta ya barabarani mpaka katikati likawa bapa, na ndani ya sailensa vipande vilikuwa vimeanguka na kuziba njia. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wetu uitwao Kenya alinitengenezea jingine la milimita 60, sailensa mpya ya kupitisha moshi moja kwa moja, na niliacha manifoldi ya kiwandani ilivyo. Sailensa ni lazima ibaki. Majirani wana watoto wanaolala.

Kompyuta ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nilinunua ile inayokubali kupangwa upya, na kijana mmoja fundi wa umeme akaja na laptopu yake na sensa ya kupima moshi. Esansi inaungua kikamilifu ikiwa gramu moja kwa hewa gramu 14.7, lakini ukitaka nguvu yote unaizidisha kidogo, karibu 12.8, kwa sababu ziada hiyo inapoza na kuhakikisha kila chembe ya hewa imepata mwenzake. Tuliikuta kwenye 11.6 turu za juu, nzito kupita kiasi. Moteri ilikuwa inakula esansi na kuitema.

Kisha muda wa kuwasha cheche. Ukiwahisha cheche, mlipuko unapata muda wa kusukuma vizuri. Ukiwahisha mno, esansi iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kwa mshindo, moteri inagonga, na kugonga huko kunatoboa pistoni. Kugonga kwa turu za juu hukusikii ukiwa umekaa kwenye kiti, kelele ni nyingi. Kwa hiyo tulifanya hivi: tulichukua bomba jembamba la shaba, tukalibonyeza ncha moja na kuitoboa, tukaifunga kwa boliti kwenye mwili wa moteri. Ncha ya pili tukaiunganisha na mpira mrefu unaoingia ndani ya gari kupitia dirishani, na mpira ukaishia kwenye vifunika-masikio vya mgodini tulivyovitoboa. Ukivivaa unasikia ndani ya moteri kama daktari. Supapi zinachapa kama cherehani, na kugonga kukija kunasikika kama kokoto iliyotupwa kwenye sufuria. Katika mji wa shaba, kipande cha shaba cha dola mbili kilituepusha na hasara ya mamia.

Na hapa urefu wa mji wetu ukatulipa kidogo. Hewa ikiwa pungufu, shinikizo ndani ya silinda ni dogo, na kugonga kunachelewa. Tuliweza kuiwahisha cheche kwa digrii tatu juu ya turu 5000 bila kokoto hata moja. Digrii ya nne haikugonga, lakini pia haikuongeza kitu, tukarudi kwenye tatu. Sharti ni esansi. Najaza kituo kimoja tu, na siweki ya madumu ya barabarani, ambayo mara nyingine imechanganywa na petroli ya taa, yaani mafuta ya taa. Petroli ya taa inagonga mapema, na mipango yote ya cheche inageuka kuwa mtego.

Kupima matokeo hatukuwa na mashine ya kuzungushia magurudumu. Tulitumia gia ya pili, kutoka kilomita 50 hadi 90 kwa saa, kwenye kipande kimoja kilichonyooka nje ya mji, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kwenda na kurudi mara tatu ili upepo na mteremko vifutane. Kabla ya yote ilikuwa sekunde 4.3. Baada ya kiduara na boksi la hewa, 3.9. Baada ya bomba la moshi na kompyuta, 3.6. Vipimo vyote vilifanywa Juni na Julai, kwenye baridi ile ile.

Sehemu kubwa zaidi ya faida ilitoka kwenye kiduara cha chuma na boksi la plastiki nililokuwa nimelitupa stoo. Kamshafti sijazinunua. Si kwamba ni mbaya. Juu ya turu 6000 hewa inayoingia ina mwendo mkali, na supapi ikibaki wazi kidogo baada ya pistoni kuanza kupanda, hewa hiyo inaendelea kujisukuma ndani. Hivyo ndivyo kamshafti ndefu inavyoongeza nguvu. Lakini inanyang'anya chini inachotoa juu, na hewa yetu tayari imenyang'anya chini vya kutosha. Wapo marafiki zangu wanaosema turbo ndiyo jibu la mji wa mita 1200, na kwa hesabu ya shinikizo wana haki. Ila kwa mgandamizo wa 11.5 ungebadilisha pistoni na bieli kwanza, na utakachokuwa nacho mwisho ni moteri nyingine. Mimi naipenda hii, inayokudai uipandishe na kukulipa huko juu. Kiwango cha turu nimekiacha pale Toyota walipokiweka.

Mdogo wangu amepata kulasi iliyotumika kutoka Zambia, na supapi nane za titani zimekusanywa kutoka sehemu tatu tofauti. Papa alikataa kumfungia. Alimpa maikromita, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akamwambia aanze. Jumamosi iliyopita nilimkuta amefika supapi ya kumi na moja, mikono meusi hadi viwikoni, kopo la maziwa limemwagwa juu ya kitambaa. Kwenye kulasi amebandika utepe wa karatasi na kuandika namba kwa kalamu, moja chini ya kila supapi.

"Yaya, shika hapa," aliniambia. "Vuta polepole. Unasikia?"

Nikalivuta jani. Likakwaruza kidogo, likapita. Akachukua kalamu, akaandika 0.25, akahamia ya kumi na mbili.